Kupima farasi kabla ya usiku wa Dubai World Cup

Jumamosi ya Dubai World Cup, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, uwanja wa Meydan huwa na mbio tisa zinazoanza alasiri na kumalizika usiku chini ya taa. Nane ni za thorobredi, farasi wa mbio wa kizazi maalumu, na moja, Dubai Kahayla Classic, ni ya farasi wa Kiarabu halisi. Wanaokutana hapo wametoka Marekani, Japani, Ulaya, Hong Kong na mazizi ya Dubai kwenyewe, na wengi hawajawahi kukimbia pamoja. Hapo ndipo penye ugumu. Farasi aliyeshinda kwa kishindo Florida na mwingine aliyeshinda kwa pua Tokyo hawana kipimo kimoja kinachowaunganisha, kwa hiyo anayeanza kwa kuuliza "nani bora?" huishia kuchagua jina kubwa. Anza kwa kuuliza nani ameshaifanya kazi hii: uso huu wa uwanja, umbali huu, kona hizi. Ubora utaulizwa baadaye, kwa wachache watakaobaki.

Meydan hakuna madirisha ya kubeti. Kuna shindano la bure la kubashiri washindi, na njia tunayoieleza inamfaa anayejaza fomu hiyo sawasawa na anayebishana na wenzake barazani tu.

Unahitaji orodha ya mwisho ya washiriki yenye namba za geti (mlango anaoanzia kila farasi), video za mbio tatu za mwisho za kila farasi, karatasi na kalamu. Mbio moja ya farasi 14 huchukua saa moja na nusu hadi mbili ukiifanya vizuri. Mbio zote tisa ni kazi ya siku mbili. Kama muda ni mchache, chagua tatu uzimalize. Tisa za juujuu hazina faida.

Andika masharti ya mbio kabla ya majina

Juu ya kila karatasi andika uso, umbali, idadi ya kona, umri unaoruhusiwa na uzito. Za mchanga ni Dubai World Cup na Kahayla Classic (mita 2000), UAE Derby (mita 1900, farasi wa miaka mitatu), Godolphin Mile (mita 1600) na Dubai Golden Shaheen (mita 1200). Za nyasi ni Dubai Gold Cup (mita 3200), Dubai Sheema Classic (mita 2410), Dubai Turf (mita 1800) na Al Quoz Sprint (mita 1200), ambayo hukimbiwa moja kwa moja bila kona yoyote.

Njia ya mchanga ina mzunguko wa mita 1750, ya nyasi mita 2400, na zote hupinda kushoto. Mbio za mchanga za mita 1900 na 2000 zina kona mbili kubwa. Za mita 1200 na 1600 zina moja. Tofauti hii huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini farasi aliyezoea kona moja hupewa pumziko refu la njia iliyonyooka kabla ya kupinda. Mwenye kona mbili huingia ya kwanza wakati kundi bado limebanana.

Farasi wa Kiarabu wapimwe wao kwa wao. Ni wa polepole kuliko thorobredi, na muda wao wa mita 2000 haulinganishwi na wa World Cup hata kama uwanja ni uleule.

Chujio la kwanza: mchanga au nyasi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Aliyejifunza kutazama mbio Ngong Road, Nairobi, amezoea nyasi, na huenda asijue mchanga unabadilisha nini. Kwenye mchanga, kwato za walio mbele humrushia aliye nyuma mchanga usoni, kifuani na puani kwa umbali wote. Farasi ambaye hajawahi kupigwa hivyo anaweza kukata tamaa mapema akiwa na nguvu zote mwilini.

Tazama video ukimfuata farasi mmoja tu, si kundi. Akianza kupigwa na mchanga, je, anainua kichwa? Anasogea nje kutafuta hewa safi? Anapoteza nafasi mbili tatu kwenye kona huku joki akimsukuma? Hizo ni dalili mbaya. Anayeshusha kichwa na kuendelea kuvuta hatamu amefuzu. Aliyeshinda mbio zake zote za mchanga akiwa mbele peke yake bado hajajibu swali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumrushia kitu. Mwekee alama ya kuuliza.

Mchanga wenyewe haufanani kila nchi. Wa Japani ni mlaini na mzito zaidi. Wa Marekani ni mgumu zaidi na huleta muda wa kasi. Meydan iko karibu zaidi na ule wa Marekani, lakini Wajapani wameshaonyesha kuwa farasi wao wanauweza. Ushba Tesoro alianza maisha yake kwenye nyasi, akahamishiwa mchangani mwaka 2022, na alipofika Dubai mwaka 2023 na kushinda World Cup alikuwa ameshashinda Tokyo Daishoten na Kawasaki Kinen, zote za mchanga. Ushahidi ulikuwepo kabla ya siku ile kwa yeyote aliyeutafuta.

Na farasi wa nyasi anayejaribu mchanga kwa mara ya kwanza? Kwa kawaida mfute, isipokuwa akiwa wa daraja la juu kabisa. Romantic Warrior, bingwa wa nyasi wa Hong Kong, aligusa mchanga wa mbio kwa mara ya kwanza kwenye Saudi Cup ya Riyadh, Februari 2025, akashindwa kwa shingo tu na Forever Young. Farasi kama yeye hafutwi; unampunguzia nafasi kwa thuluthi moja hivi na kuendelea.

Jihadhari na orodha za "washindi waliopita." Tangu Meydan ifunguliwe mwaka 2010 hadi 2014, World Cup ilikimbiwa kwenye Tapeta, uso wa kutengenezwa uliokuwa ukiwapenda sana farasi wa nyasi. Mchanga ulirudi kwa mbio za 2015. Kabla ya 2010 mbio zilikuwa Nad Al Sheba, mahali pengine kabisa. Takwimu zinazochanganya vipindi hivyo vitatu kwenye jedwali moja ni za kupoteza watu. Kwa World Cup, anza kuhesabu mwaka 2015.

Kwa upande wa nyasi, swali ni unyevu. Nyasi za Meydan humwagiliwa lakini huwa imara, si matope. Farasi wa Ulaya ambaye ushindi wake mkubwa ulikuja msimu wa mvua, kwato zikizama, hana rekodi ya kutosha kwa Dubai. Tafuta alichofanya kiangazi.

Umbali

Aliyeshinda mita 1600 akihema mwishoni hapendi mita 2000. Tazama mita 200 za mwisho na mita 100 baada ya mstari: anayeendelea kuwapita wenzake baada ya kumaliza ana akiba. Laurel River alikuja World Cup ya 2024 akitoka kushinda Burj Nahaar ya mita 1600 hapo hapo Meydan, na wengi walimtilia shaka kwa sababu ya umbali. Aliongoza na kushinda kwa zaidi ya urefu wa farasi nane. Usimfute mtu kwa umbali peke yake kama umaliziaji wake unaonyesha hakuguswa.

Ramani ya mwendo

Wakibaki sita au saba, mpe kila mmoja jina la mtindo wake: mwongozaji, mfuatiaji au mviziaji. Mtindo unaonekana mita 400 baada ya kutoka getini. Tazama mbio tatu za mwisho, andika alikuwa wa ngapi pale, na wastani utakuambia. Kisha hesabu waongozaji.

Mwongozaji mmoja tu: ataongoza kwa kasi anayoitaka, na kwenye mchanga hapigwi na chochote usoni. Mpandishe. Waongozaji wawili wasiokubaliana: mmoja ataharibika, wa ndani au wa nje, kutegemea nani mwepesi kutoka. Watatu au zaidi: mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wafuatiaji walioketi nafasi ya nne hadi ya saba ndio wa kutazama. Mviziaji wa mwisho kabisa huhitaji mambo mawili yatimie kwa pamoja, mwendo mkali mbele na njia iliyo wazi, kwa hiyo usimpe nafasi kubwa hata kama video yake inasisimua. Arrogate alitoka vibaya getini mwaka 2017, akawa wa mwisho, akawapita wote akamshinda Gun Runner. Hiyo ilikuwa kazi ya farasi wa aina yake. Ukijenga kanuni juu yake utakosea miaka kumi mfululizo.

Mtindo nao hubadilika. Equinox alikuwa ameshinda mbio zake kubwa Japani bila kuongoza, lakini kwenye Sheema Classic ya 2023 joki alimwacha aende mbele tangu mwanzo, na akaongoza hadi mstarini kwa muda wa rekodi ya uwanja. Pale ambapo karatasi yako haina mwongozaji hata mmoja, jiulize nani mwenye daraja la juu anayetoka getini haraka. Huenda akajikuta mbele bila kupanga.

Geti na hesabu ya kona

Namba 1 iko ndani. Watu husema "geti baya" bila kupima ubaya wenyewe, ilhali hesabu yake ni rahisi. Kona ni nusu duara. Kila mita moja unayokimbia nje zaidi huongeza mita 3.1 kwenye kona hiyo. Urefu wa farasi ni kama mita 2.4. Kwa hiyo anayekaa wa nne kutoka ukingoni, mita tatu nje ya aliye ndani, hupoteza kama mita 9.4, karibu urefu wa farasi wanne, kwa kona moja. Kwenye mbio za kona mbili, zidisha mara mbili.

Tumia hesabu hii pande zote. Farasi aliyeshindwa kwa urefu wa farasi wawili akiwa amekimbia nje kona nzima huenda ndiye aliyekuwa bora siku hiyo. Simamisha video katikati ya kila kona, hesabu farasi walio kati yake na ukingo, uandike. Kazi hii ya dakika mbili inakupa kitu ambacho matokeo yaliyochapishwa hayakionyeshi.

UAE Derby ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya geti la nje, kwa sababu kona ya kwanza iko karibu na mwanzo na farasi wa miaka mitatu bado wageni wa msongamano. Lakini geti 1 nalo si zawadi kwa asiyetoka haraka: atafungiwa ndani, apigwe mchanga, asubiri nafasi isiyokuja. Al Quoz Sprint haina kona, basi hesabu hii haina maana pale. Tazama badala yake farasi wenye kasi wako upande gani wa uwanja, maana kundi huwafuata.

Namba: uzito, muda, viwango

Kwenye usiku wenyewe uzito haubishaniwi sana: wakubwa kwa kawaida hubeba sawa, majike hupunguziwa kama kilo 2, na kwenye UAE Derby waliozaliwa kusini mwa ikweta hubeba zaidi kwa kuwa kiumri wamewatangulia wenzao kwa karibu nusu mwaka. Uzito una kazi unaposoma mbio za nyuma, hasa za handikapu, ambako bora hubebeshwa zaidi kwa makusudi. Makadirio ya kufanyia kazi ni haya: urefu mmoja wa farasi ni kama kilo 1.1 kwa mita 1200, kilo 0.9 kwa mita 1600, kilo 0.8 kwa mita 2000, kilo 0.7 kwa mita 2400 na kilo 0.5 kwa mita 3200.

Tuseme farasi amebeba kilo 60 akashindwa kwa urefu mmoja na aliyebeba kilo 54, umbali mita 1600. Tofauti ya uzito ni 6, toa 0.9 ya kushindwa, zinabaki 5.1. Ukigawa kwa 0.9, wakikutana kwa uzito sawa aliyeshindwa anatazamiwa kumzidi mwenzake kwa urefu wa zaidi ya farasi watano.

Viwango vya kimataifa, yaani namba za kupima ubora wa farasi, huandikwa kwa ratili, na ratili moja ni kilo 0.45. Equinox alimaliza mwaka 2023 kwa kiwango cha 135 kutokana na Japan Cup, namba ambayo farasi wachache sana huifikia. Usisome namba ya juu peke yake. Andika viwango vya mbio tatu za mwisho na utazame mwelekeo. Aliyepata 120 mara moja mwaka jana na 112 mara tatu tangu hapo ni farasi wa 112.

Muda wa saa ni mtego. Wamarekani huanza kuhesabu baada ya farasi kutoka getini na kushika kasi kidogo, na maili yao moja na robo ni mita 2012, si 2000. Mita 12 hizo ni karibu robo tatu ya sekunde. Linganisha muda wa mbio za siku moja na uwanja mmoja. Ukivuka nchi, achana nao.

Mapumziko na mbio za maandalizi

Pengo zuri ni wiki nne hadi tisa. Siku ya maandalizi ya Meydan huwa kama wiki nne kabla, na Saudi Cup ya Riyadh, mita 1800 za mchanga kwa kona moja, huwa Februari. Saudi Cup huchosha. Kuanzia 2021 hadi 2025 hakuna mshindi wake aliyeshinda pia World Cup mwaka uleule: Panthalassa alikuwa wa kumi mwaka 2023, Senor Buscador na Forever Young wakawa wa tatu mwaka 2024 na 2025. Mishriff mwaka 2021 alishinda Dubai, lakini kwenye Sheema Classic ya nyasi. Country Grammer alikuwa wa pili Riyadh mwaka 2022 kisha akashinda World Cup. Basi aliyekimbia Saudi Cup usimfute, muulize alimalizaje. Aliyepigana hadi hatua ya mwisho punguza. Aliyemaliza kwa urahisi nafasi ya pili hadi ya tano mwache palepale.

Dubai hairuhusu furosemidi siku ya mbio, dawa ambayo farasi wengi wa Marekani wamezoea kupewa dhidi ya kutoka damu mapafuni. Tafuta kwenye rekodi yake kama ameshakimbia bila hiyo, na alimaliza vipi.

Vifaa vitaje haraka: kifuniko cha macho kwa mara ya kwanza huongeza kasi ya mwanzo, kwa hiyo rudi kwenye ramani ya mwendo uibadilishe. Kamba ya ulimi kwa mara ya kwanza maana yake mkufunzi anashuku pumzi.

Kugawa asilimia

Gawa 100 kwa farasi wote, hata uliowafuta (hao wape 10 au 15 kwa pamoja). Kwa mfano 30, 20, 15, 12, 8, na waliobaki 15. Kisha linganisha na soko la kubeti la nje: 1 gawa kwa bei ya desimali (malipo kwa kila shilingi moja iliyobetiwa). Bei ya 3.0 ni asilimia 33.3. Ukijumlisha bei zote utapata kama 110, kwa kuwa wachezesha kamari hujiwekea faida. Gawa kila moja kwa 1.10, na ile 33.3 inakuwa 30.3. Ukitofautiana na soko kwa alama tano au zaidi, rudi utafute ni kitu gani wewe umekiona au wao wamekiona. Mara nyingi ni wao. Hit Show alishinda mwaka 2025 bila wengi kumtarajia, lakini miaka kama hiyo haitoshi kumdharau anayeongoza bei.

Mbele ya macho

Wanapotembezwa kabla ya mbio, tafuta hatua ndefu: kwato za nyuma zivuke alama za kwato za mbele. Jasho jepesi shingoni ni la kawaida kwa joto la Dubai. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma na macho yanayotoka nje ni nguvu inayopotea. Mbavu mbili za mwisho zikionekana kidogo, yuko fiti. Zikionekana zote na manyoya yamepauka, safari imemla. Farasi anayeshikwa na watu wawili pengine ndivyo alivyo siku zote, kwa hiyo linganisha na video zake za nyuma kabla ya kumhukumu. Kwa unachokiona hapa, sogeza asilimia zako alama tatu hadi tano, si zaidi.

Mwishowe sikiliza matangazo ya waliojitoa. Akijitoa mwongozaji, ramani nzima ya mwendo imekufa na unaichora upya kwa dakika chache zilizobaki. Akijitoa wa geti la 2 kabla ya kupangwa, wa nje yake husogea ndani, na yule uliyempunguzia kwa sababu ya geti anarudishiwa alichopunguziwa.